Meza Mlangoni

Katika nchi ya Tigania, mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamshiki mkono, wala hali chakula mbele yake. Naye mama mkwe, akimwona mkwewe anakuja, huiacha njia. Marete, mwalimu wa historia katika shule moja ya harambee karibu na soko la Muthara, alikuwa ameishi na jambo hilo hata hakuliona tena kuwa desturi. Karambu, mama wa marehemu mkewe, alipoitambua baiskeli yake kwa mbali aliingia kati ya miraa na kusimama humo, amegeukia vilima vya Nyambene, mpaka magurudumu yapite. Marete naye aliinama juu ya usukani na kukanyaga taratibu, kwa kuwa kumpita mama mkwe mbio mbio ni utovu wa adabu. Wageni waliowaona hivyo walidhani ni mahasimu. Kumbe ile ilikuwa heshima, na heshima ya namna ile ni kama gogo zito, halibebwi na mtu mmoja.

Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Watu wawili wasioruhusiwa kusemezana hawawezi kuomboleza pamoja.

Nelius, mke wa Marete na binti wa pekee wa Karambu, alifariki mwaka wa 1969 katika uzazi wa pili. Siku ya mazishi Karambu alisimama upande wa akina mama, Marete akasimama upande wa wanaume, na kaburi likawa katikati yao. Tangu siku hiyo hawakuwa wamebadilishana neno lolote kumhusu marehemu. Mtoto wa kwanza wa Marete na Nelius, Ntinyari, alichukuliwa na nyanya yake, na kila Jumapili Marete alifika langoni, akakohoa, akangoja mtoto atolewe nje akiwa ameoshwa uso na kupakwa mafuta hadi magotini.

Sasa Marete alikuwa amepata uhamisho. Januari angeanza kazi Embu, na Januari hiyo hiyo Ntinyari angeingia darasa la kwanza. Marete alitaka aingie darasa hilo akiwa kwake. Alikuwa baba, mahari ilikwisha kutolewa yote, hakuna mzee wa Tigania ambaye angesema mtoto si wake. Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kumnyang'anya mwanamke aliyefiwa ni jambo jingine. Alitaka ridhaa ya Karambu, na kwa kuwa hakuweza kuiomba kwa kinywa chake, alimtuma Kithinji.

Kithinji alikuwa mdogo wake Karambu, katekista mwenye sauti laini na viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope. Alikwenda, akarudi, akakaa kitini na kuvuta pumzi ya mtu aliyemaliza kazi ngumu.

"Ameridhia, mwalimu," akasema. "Ameridhia kwa moyo mweupe."

Kwa neno hilo Marete alipanga nyumba katika mtaa wa Majimbo pale Embu, na kumwagiza seremala kitanda kidogo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati mwalimu wa sayansi alipomwalika kwenye Sikukuu ya Shukrani.

Mwalimu huyo, Ruth, alikuwa Mmarekani wa miaka ishirini na minne, aliyekuja kujitolea. Alikaa katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili ndani ya boma la Karambu, na Karambu alikuwa amemfundisha kuchambua njahi, yale maharagwe meusi, kuwasha kuni mbichi, na kuwafukuza madume wa kijijini kwa maneno matatu ya Kimeru ambayo Ruth aliyasema vizuri kuliko mengine yote. Watu wa pale walimpa jina la Karwirwa. Alimwita Karambu mama, na alimaanisha.

"Siku hiyo kwetu hakuna anayekula peke yake," alieleza katika chumba cha walimu. "Hata jirani msiyepatana naye anaalikwa."

"Na mkishakaa mezani?" akauliza Mbaabu, mwalimu wa hesabu.

"Tunagombana. Halafu tunakula malenge yaliyotiwa sukari."

"Malenge yenye sukari!" Mbaabu akatikisa kichwa. "Sasa naelewa kwa nini ninyi ndio mliofika mwezini. Mlikuwa mkikikimbia chakula hicho."

Chakula kikuu cha sikukuu hiyo ni bata mzinga, na Ruth alisafiri hadi Mikinduri kumuulizia kwa Kasim mwenye bucha. Kasim alifuta kisu chake kwa utaratibu. "Mwalimu," akasema, "hapa nina mbuzi, nina ng'ombe, na nina subira. Bata mzinga kamuulize askofu." Ruth alirudi mikono mitupu, na Karambu akamtolea majogoo wawili katika kundi lake.

Marete aliyasikia hayo yote akacheka pamoja na wengine. Alipoalikwa alikubali bila kuwaza sana. Nyumba ya Ruth ina mlango wake upande wa barabara, na mara mbili tatu alikwisha kuingia humo kunywa chai huku mama mkwe akiwa shambani. Hakuuliza ni nani mwingine aliyealikwa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona mtu akiwaalika mkwe na mama mkwe kwenye meza moja, na jambo ambalo mtu hajawahi kuliona haliulizii.

Alifika Alhamisi saa saba mchana, amevaa tai. Kithinji alikuwa amekwisha kufika na alikuwa akichungulia masufuria. Katikati ya chumba palikuwa na meza ndefu iliyoazimwa shuleni, imetandikwa shuka jeupe, na juu yake sahani tano.

"Wewe kaa hapa," Ruth akamwambia, uso umemng'aa kwa moto na furaha. "Mjomba Kithinji pale. Mimi hapa mwisho. Ntinyari hapa, na mama pale, karibu nawe."

Marete akaitazama sahani iliyokuwa karibu na yake.

"Mama yupi?" akauliza, ingawa alijua.

"Mama Karambu. Nani mwingine?"

Kithinji alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mwalimu, jambo hili haliwezekani. Tuahirishe. Tutakula siku nyingine, wewe na sisi leo, wewe na dada yangu kesho."

Marete akamweleza Ruth polepole, akichagua maneno kama anavyoyachagua mbele ya wanafunzi wa kidato cha kwanza. Alimwambia habari ya nthoni, ile haya ambayo si aibu ya kosa bali ni haya ya kumstahi mtu aliyekuzalia mke. Kadiri alivyosema ndivyo furaha ilivyomtoka Ruth usoni.

"Nimekaa hapa mwaka na nusu," Ruth akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuona ukisimama langoni kila Jumapili. Nilidhani hamjasameheana. Nilifikiri siku kama hii..." Hakumaliza. "Nimewatukana wote wawili, sivyo?"

Kabla Marete hajajibu, sauti ilisikika kutoka nje, upande wa jikoni. Ilikuwa sauti ya mwanamke, kavu na yenye nguvu, na ilikuwa ikizungumza na kuku.

"Enyi kuku! Ndugu zenu wawili wamekufa asubuhi ya leo. Je, wamekufa bure? Chakula kilichoiva hakirudi kuwa kibichi. Kama kuna watu wenye akili ndani ya nyumba hii, na wamesoma vitabu, basi wajue kwamba kati ya chumba na chumba pana mlango, na mlangoni pana pazia."

Kithinji akasema haraka kwamba si vizuri kulazimisha mambo. Lakini Ruth alikuwa amekwisha kushika ncha moja ya meza.

Waliisukuma mpaka ikaingia mlangoni, nusu chumbani na nusu jikoni, na pazia la kitenge likaangukia katikati yake, likajilaza juu ya shuka jeupe. Upande wa jikoni wakakaa Karambu, Ruth na Ntinyari. Upande wa chumbani wakakaa Marete na Kithinji. Marete aliitazama meza ile iliyogawanywa, akafikiri kwamba katika vitabu vyake vya historia mipaka mingi ilichorwa na watu wasiokusudia kula pamoja. Huu ulikuwa wa kwanza kuchorwa kwa sababu watu walitaka kula.

Bakuli la njahi likasukumwa chini ya pindo la pazia. Vidole vilivyolisukuma vilikuwa vyeusi, vyenye makunyanzi, na kidole gumba kilikuwa kifupi na kipana. Marete alikifahamu kidole kile. Alikuwa amekishika mara nyingi, kwenye mkono mwingine, wa Nelius.

"Kabla ya kula," sauti ya Ruth ikasema, sasa ikiwa na woga kidogo, "kwetu kila mtu hutaja jambo analomshukuria Mungu. Jambo moja, la kweli. Nitaanza. Namshukuru Mungu kwa kuwa nilipokuja hapa sikujua kuwasha moto, na hakuna aliyenicheka mbele yangu."

"Tulikucheka ukishaondoka," akasema Karambu.

"Ntinyari?"

"Namshukuru Mungu kwa paja la kuku," mtoto akasema. "Kama ni langu."

"Ni lako. Mjomba?"

Kithinji akasimama, kama ilivyo kawaida ya makatekista. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa serikali, kwa amani, kwa wageni wanaotoka mbali, kwa afya ya walimu, na bila kupumua akaongeza, "Na haya yote tunaomba, Amina, sasa tule."

"Bado mama," akasema Ruth. "Na Mwalimu Marete."

Kiti kilisogea upande wa pili. "Karwirwa," akasema Karambu, "huyo Mungu wenu wa Alhamisi anasikia Kimeru?"

"Anasikia, mama."

"Na ni yeye tu ninayesema naye? Simsemeshi mtu?"

"Ni yeye tu. Sisi wengine tunasikiliza."

"Vyema." Karambu alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Basi namshukuru Mungu kwa baba wa mtoto huyu. Mwanamume akifiwa hugeuka jiwe, lakini huyu hakugeuka. Anakwenda kazi ya mbali na angeweza kunichukulia mtoto, na ni haki yake, wala nisingekuwa na mahali pa kulia. Lakini ameniachia akue mikononi mwangu mpaka atakapoolewa. Nimelala usingizi tangu nilipoletewa neno hilo. Mungu amzidishie."

Marete hakuinua macho mara moja. Alilisikia kila neno, na kila neno lilikuwa wazi. Hata hivyo maneno hayo yalichukua muda kukaa mahali pake. Kisha akageuka akamtazama Kithinji.

Katekista alikuwa akiikunja leso yake katika mikunjo midogo, kisha akaikunjua. Hakuwa na uso wa mtu mwongo. Alikuwa na uso wa mtu aliyebeba mitungi miwili iliyojaa na kuombea njia iwe ndefu. Marete akaelewa yote kwa mara moja: mzee huyu alifika kwa dada yake, akaona macho yake, akashindwa kulitoa neno alilotumwa, akatoa lililo tamu. Kisha akafika kwa mkwe, akaona macho yake pia.

"Mwalimu Marete," Ruth akaita taratibu. "Ni zamu yako."

Angeweza kushukuru kwa mvua. Baadaye wangekaa wazee, wangesema, na mama yule angeambiwa na watu wengine kwamba usingizi wake ulikuwa wa bure. Hivyo ndivyo mambo yangefanywa kwa adabu. Lakini mwanamke aliyekuwa nyuma ya kitenge alikuwa amemshukuru mbele ya Mungu kwa wema ambao hakuutenda, na kuipokea shukrani hiyo kimya kimya lilikuwa jambo ambalo Marete aliona hawezi kulimeza pamoja na chakula.

"Namshukuru Mungu," akaanza. "Namshukuru Mungu kwa nyumba niliyoipata Embu, mtaa wa Majimbo. Ina vyumba viwili. Namshukuru kwa shule iliyo karibu nayo, na kwa kitanda kidogo ambacho seremala amekwisha kukimaliza. Namshukuru kwa sababu mimi pia nililetewa neno. Niliambiwa kwamba nyanya wa mtoto ameridhia nimchukue Januari, tena kwa moyo mweupe."

Upande wa pili kijiko kiligonga sahani, kikanyamaza.

Nje, jogoo aliyebaki aliwika nje ya saa yake. Kisha sauti ya Karambu ikaja, imekauka tena.

"Karwirwa. Kwenu mtu hushukuru mara moja tu?"

"Hapana, mama. Mara nyingi apendavyo."

"Basi namshukuru Mungu kwa ndugu yangu Kithinji, ambaye ana ulimi mmoja na asali ya mizinga miwili."

"Dada, mimi nilikuwa nikitafuta wakati unaofaa..."

"Shukuru! Usijitetee. Leo ni siku ya kushukuru."

Kithinji akajifuta paji la uso. "Namshukuru Mungu," akasema kwa unyonge, "kwamba pazia hili halina tundu."

Ruth alicheka kabla hajajizuia, na Ntinyari akacheka kwa kuwa Ruth amecheka. Lakini Karambu hakucheka, na Marete alijua kwamba bado anashika zamu.

"Namshukuru Mungu," Karambu akasema, na safari hii alikuwa akitafuta maneno, "kwa yule mtoto wa pili. Yule binti ambaye angechukua jina langu. Alikaa duniani asubuhi moja. Nilimshika mimi. Alikuwa na nywele nyingi. Alifumbua macho akaniangalia kama mtu anayeuliza njia, halafu akafumba."

Marete aliweka viganja vyote viwili juu ya meza. Siku ile alikuwa amefika hospitali mchana, na aliyempokea nje alikuwa Kithinji, aliyemwambia kwamba mtoto hakuwahi kuvuta pumzi. Kwa miaka miwili alikuwa amemlilia mke, na mtoto yule alikuwa amemwacha kando kama kitu ambacho hakikutokea. Hakumtazama Kithinji tena. Hakuhitaji. Asali hii nayo ilitoka kwenye mizinga ile ile, na ilikuwa imetolewa kwa huruma, na ilikuwa imemwibia binti.

"Alikuwa na nywele nyingi," akarudia, si kwa Mungu wala kwa mtu.

"Namshukuru Mungu," Marete akasema hatimaye, "kwa aliyemshika, ili asiwe peke yake. Na namshukuru kwa Nelius. Kila jioni alipokuwa akipika alikuwa akimwigiza mama yake. Alikuwa akikunja shingo hivi, akizungumza na kuku, akiyagombeza masufuria. Mimi sijawahi kumwona mama huyo usoni, lakini kwa sababu ya Nelius ninamfahamu. Leo nilipoisikia sauti yake ikisema na kuku nilidhani ni..." Akakoma.

"Aliniigiza?" akasema Karambu.

Swali lilitoka lenyewe, likapita kwenye kitenge, likamfikia mtu ambaye halikupaswa kumfikia. Kithinji aliacha kukunja leso.

"Alikuigiza, mama," Marete akajibu. "Vizuri sana."

Ikasikika sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio, na baada yake Karambu akapenga pua kwenye leso yake kwa kelele, kama mtu anayeurudisha mlango mahali pake.

"Namshukuru Mungu," akasema, akirudi ndani ya ngome ya shukrani, "kwamba mtoto ni wa baba yake. Hilo silikatai; silikatai leo, na sikulikataa jana. Kama ningeulizwa ningesema hivyo hivyo, na ningelia, na ningemfungia nguo zake. Namshukuru Mungu pia kwa yule mtu atakayempikia uji akirudi shule saa sita. Sijalijua jina lake, lakini namshukuru mapema."

Palikuwa na nyumba, palikuwa na kitanda, palikuwa na shule. Marete alikuwa amekwisha kupanga rafu ya vitabu. Alijiona jioni moja akirudi Majimbo na mtoto akimkimbilia mlangoni, na picha hiyo ndiyo iliyomlea kwa miezi yote ya kungoja; sasa alijaribu kuiona saa sita ya mchana ya siku hiyo hiyo, na hakuona mtu. Labda angepata msichana wa kazi. Labda jirani. Alitambua kwamba katika picha ile mtoto alikuwa akimngoja yeye, wala hakuwa amejiuliza hata mara moja mtoto angengojea na nani.

Hakuwa na dada wa kumsaidia, wala mama. Mama yake, Ntinyari mkubwa, ambaye mtoto aliitwa kwa jina lake, alikuwa amekwisha kutangulia. Karambu naye hangeweza kwenda kukaa kwake. Kulala chini ya paa la mkwe hakungeweza kufichwa na pazia lolote.

Aliishika ncha ya kitenge kidogo kwa vidole viwili, akaiachia. Walikuwa wakimngoja. Alijua kwamba akisema anamchukua, hakuna atakayempinga, na Karambu atafunga nguo zile kama alivyosema. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu. Kama angepingwa, angeweza kupigana.

"Namshukuru Mungu," akasema polepole, "kwa likizo. Mwalimu ana likizo mara tatu kwa mwaka, na mwanafunzi vilevile. Shule za Muthara zikifunguliwa, mtoto atasoma Muthara, na uji wake ataupata kwa mtu ambaye jina lake analijua. Zikifungwa atakuja Embu. Zote. Aprili, Agosti na Desemba. Hata hii tunayoianza wiki ijayo."

Alipomaliza alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetangaza ratiba ya mitihani. Hakujua kwamba jambo la namna ile linaweza kusemwa kwa sauti ya namna ile.

"Zote?" Karambu akauliza, na safari hii alimuuliza Ruth.

"Zote, mama. Nadhani amesema zote."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi," akasema Marete, kwa Mungu.

Karambu akapima mzigo wake mwenyewe, kwa maana naye alikuwa na Krismasi zake. "Amina," akasema.

"Amina," akasema Kithinji, kwa sauti ndogo kuliko aliyowahi kuitumia kanisani. Kisha, baada ya kujikohoza, "Na mimi sasa nitafanya kazi gani kati yenu?"

"Kula," dada yake akamjibu.

Wakala. Majogoo walikuwa wagumu, kwa sababu walikuwa wazee na walichemshwa na mtu mwenye haraka. Malenge yenye sukari yalikuja katika sufuria iliyopaliwa makaa juu na chini, yameungua upande mmoja. Kithinji aliyaonja, akayasukuma, akayarudia. Chini ya meza kitu kilimgusa Marete magotini. Alipoinama akaona Ntinyari amepita kwa magoti chini ya pazia, paja la kuku mkononi, mashavu yanang'aa kwa mafuta.

"Baba, hicho kitanda ni changu peke yangu?"

"Ni chako peke yako."

"Kina rangi gani?"

"Hakijapakwa. Utachagua mwenyewe."

Mtoto akafikiri. "Nikiogopa usiku nitakuja kwako?"

"Ukiogopa utakuja kwangu."

Aliridhika. Aligeuka, akapita tena chini ya kitenge, na upande wa pili akasikika akimweleza nyanya yake habari za rangi. Marete alibaki ameinama hivyo kwa muda, akiitazama sakafu mahali mtoto alipokuwa. Alipoinuka, chakula kilikuwa kimepoa katika sahani yake, na hakuwa amekigusa tangu Krismasi ilipotajwa. Alijilazimisha. Tonge la kwanza lilikuwa gumu kushuka. La pili likashuka. Alikula mpaka akamaliza, kwa kuwa mtu hawezi kuacha chakula cha nyumba ile siku ile, kisha akaweka uma pembeni na kukaa akitazama mikono yake.

Upande wa pili, Karambu alisikiliza sauti ya uma ukiwekwa chini.

"Karwirwa," akasema, "mwongezee yule wa upande ule. Mtu aliyetoa kitu kama kile hawezi kushiba kwa sahani moja."